Maisha ya Kengele wa Kiwanda cha Vigae, na Saa Nane ya Jumanne Ile

Ndugu, jamaa, majirani, na ninyi mliofanya kazi pamoja na marehemu, wasifu huu nausoma mimi, dada yake wa mwisho, niliyekuwa karani katika kiwanda alichofanyia kazi. Jina lake kamili mnaliona kwenye jalada, chini ya picha. Humu ndani nitamwita Kengele, kwa sababu ukiulizia mtaani kwa jina la kwenye kitambulisho utaelekezwa nyumba ya mtu mwingine.

Kabla sijaanza na kuzaliwa kwake, niseme jambo moja. Kwa miaka kumi na tisa imekuwa ikisemwa kwamba Kengele alisinzia kazini, na kwamba kwa usingizi wake rafiki yake akapoteza vidole vinne. Si kweli. Yaliyotokea nayajua mimi, na nimeyaandika humu mahali pake, kwa tarehe na saa. Wapo wa nyumbani walioniomba niiache sehemu hiyo, wakasema msibani si mahali pake. Nikaona niichapishe kabisa, ili nikifika hapo nikaingiwa na woga nisiweze kuiruka, maana karatasi mnazo mikononi. Wenye kusoma haraka najua wameshafika. Nawaomba mnisubiri, nami naja.

Kengele alizaliwa Jumamosi, tarehe 14 Machi 1959, saa nne asubuhi, katika nyumba ya vyumba viwili iliyokuwa nyuma ya ghala la mbao. Alikuwa wa kwanza kati ya watoto watano wa baba mwashi na mama aliyekuwa akifua nguo za watu. Tangu mdogo hakupenda kuona mtu yuko juu bila mtu wa chini. Mama alikuwa akitusimulia kwamba siku moja baba alipanda ngazi kupiga lipu, na Kengele, akiwa na miaka sita, akaishikilia ngazi kwa mikono miwili. Kumbe pale chini palikuwa na siafu. Baba akasikia mtoto analia.

"Unalia nini?"

"Siafu!"

"Si uachie basi, ukimbie!"

"Nikiachia, wewe je?"

Baba alishuka, akambandua siafu mmoja mmoja, akaisogeza ngazi hatua mbili kando, akamsimamisha tena hapo. Lipu ilikuwa bado haijakwisha.

Alisoma shule ya msingi iliyoko nyuma ya soko kuanzia mwaka 1966 hadi 1972, kisha sekondari miaka miwili. Hesabu alizipenda. Kuimba hakujaaliwa kabisa, hata mwalimu wa muziki alimwomba siku ya wageni asimame mstari wa nyuma na afumbue mdomo tu bila kutoa sauti. Akafumbua mdomo, na wageni wakamsifu kuwa ndiye aliyeimba kwa bidii kuliko wote. Mwaka 1974 mgongo wa baba ulikataa kazi, na Kengele akaacha shule ili wadogo zake wanne tuendelee. Sijawahi kumsikia akilalamika kwa hilo. Alibeba mbao kwenye ghala la jirani, alichimba mitaro, akamsaidia fundi bomba kwa mwaka mzima, na tukavaa viatu.

Jumatatu, tarehe 2 Juni 1980, aliajiriwa kama mpakiaji katika kiwanda cha vigae kilicho mwisho wa barabara ya reli. Kwa asiyekijua, kiwanda hicho ni banda moja refu la mabati. Upande mmoja upo mtambo wa kukanda udongo, katikati zipo chanja za kukaushia, na upande wa pili yapo matanuri mawili ambayo hayazimwi. Msimu wa joto unapoingia, jua linachoma bati juu na tanuri linachoma pembeni, na watu wako hapo katikati wanaokwa pamoja na vigae. Miaka hiyo hakuna aliyeliita jambo hilo hatari. Mtu akianguka alimwagiwa maji kichwani, akaambiwa hajazoea, akarudishwa kazini.

Mwanzoni mwa 1993 walianguka watu watatu katika wiki moja, na mmoja wao, mchoma tanuri, hakuinuka tena. Ofisa wa kazi akaja, akazunguka banda lote na shati lake likamgandia mgongoni, akampa Bosi masharti. Kipimajoto kitundikwe kwenye nguzo ya katikati ya banda. Kikifika nyuzi thelathini na sita, kazi isimame nusu saa, kila mtu akae kivulini na anywe maji. Ikatafutwa nani wa kukisoma na nani wa kuwasimamisha watu. Kengele alikuwa ameshakuwa msimamizi wa zamu, akapewa yeye. Alichukua ringi ya gurudumu la lori, akaining'iniza kwenye boriti, akaigonga siku ya kwanza kwa nguvu hata mpini wa nyundo ukakatika. Jina likamshika kuanzia saa ileile.

Bosi hakuipenda ile ringi. Alikuwa akitoka ofisini na kalamu sikioni.

"Wewe Kengele, kwa mwendo huu utanipa vigae vya mwaka kesho!"

"Bosi, kigae kikipasuka tunafinyanga kingine."

"Sasa?"

"Sasa mtu akipasuka utamfinyanga kwa udongo upi?"

Bosi alikuwa akirudi ndani akisonya, lakini hakuwahi kumkataza. Hilo nalisema kwa haki yake, naye mwenyewe nimeambiwa atakuwapo leo na mkongojo wake.

Kengele alifunga ndoa Jumamosi, tarehe 20 Desemba 1986, na mshonaji aliyekuwa akikishonea kiwanda maovaroli. Wifi yangu ameniruhusu nisimulie. Kijana huyu alikuwa akimpelekea ovaroli kila wiki, kifungo kimoja kimekatika. Wiki ya tano wifi akakitazama kifungo, akaona uzi umekatwa kwa kisu. Akamwambia, "Kaka, ukiendelea hivi utabaki kifua wazi. Sema unalotaka, mimi nina kazi." Akalisema. Aliyesimama naye siku ya harusi alikuwa rafiki yake wa kiwandani, fundi wa mtambo wa kukanda udongo, ambaye wote tunamwita Mashoto kwa kuwa kila kitu alikifanya kwa mkono wa kushoto: kula, kuandika, kupiga nyundo, hata kupunga mkono. Wawili hao walikuwa chanda na pete. Walijenga nyumba zao mwaka mmoja, Mashoto akimsaidia Kengele Jumamosi na Kengele akimsaidia Mashoto Jumapili. Ndoa ya kaka ilijaliwa watoto watatu, wa kwanza 1988, wa pili 1991 na wa mwisho 1996.

Sasa nimefika.

Jumamosi ya tarehe 4 Februari 2006 nguzo za banda zilipakwa rangi. Fundi rangi alikiteremsha kipimajoto akakiweka mezani kwangu. Jumatatu asubuhi rangi ilikuwa imekauka. Nilitakiwa nikirudishe kwenye nguzo. Sikukirudisha. Nilikitundika kwenye msumari uliokuwa nje ya mlango wa ofisi yangu, karibu na pipa la maji, mahali panapopitisha upepo. Ukiniuliza kwa nini, nitakujibu kwamba msumari ulikuwa upo tayari na mimi nilikuwa na kazi nyingi. Hiyo ni nusu. Nusu ya pili ni kwamba wiki ile tulikuwa na oda ya paa la shule, lori lilikuwa linasubiri, na kila kengele ikilia nilikuwa mimi ninayepigiwa simu na kufokewa. Nilijua pale mlangoni ni baridi kuliko kwenye nguzo. Nikajitia hamnazo. Bosi hakunituma, wala hakujua. Hakunituma mtu yeyote.

Jumanne, tarehe 7 Februari, Kengele alikuja kusoma kipimajoto saa sita, kikaonyesha thelathini na tatu. Alikuja saa saba, thelathini na nne. Aliuliza mbona kimehamia huku, nikamwambia rangi ya nguzo bado mbichi. Huo ulikuwa uongo wa kwanza. Saa nane kasorobo alikuja tena, macho mekundu, jasho limemkauka usoni likaacha chumvi.

"Dada, leo kuna joto, au mimi ndiye nina homa?"

Kipimajoto kilisema thelathini na nne na nusu. Nikamjibu, "Labda una homa, kaka. Kakae kidogo."

Akaenda akakaa. Alikaa kwenye benchi lililo chini ya ringi, akalowesha kitambaa, akajifunika uso, kwa sababu mimi nilimwambia anaumwa. Hapo ndipo watu walipomwona, na hapo ndipo ile hadithi ya usingizi ilipozaliwa. Waliomwona hawakusema uongo. Waliona mtu amekaa, uso umefunikwa, na ringi iko juu ya kichwa chake kimya.

Saa nane na dakika kumi Mashoto alizidiwa na joto akiwa anasukuma udongo kwenye mdomo wa mtambo. Wenzake walisema alianza kuongea maneno yasiyoeleweka, kisha magoti yakamwishia, na mkono ukatangulia ndani. Kwa kufumba na kufumbua ilikuwa imekwisha. Aliyeruka kuzima mtambo alikuwa Kengele, kutoka kwenye lile benchi, hatua ishirini na mbili. Nimezipima. Mtu aliyelala hafiki kwa muda ule. Vidole vinne vya mkono wa kushoto vilikatika, na Mashoto, mtu wa mkono wa kushoto, alilazimika kujifunza upya hata kufunga vifungo.

Kesho yake, saa zilezile, banda lilikuwa tupu ila matanuri yanawaka. Kengele alikuja mlangoni kwangu, akaugusa ule msumari.

"Nani alikitundika hapa?"

"Mimi."

"Ulijua?"

"Nilijua kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Nyuzi moja. Labda mbili."

Akakitoa, akaenda nacho kwenye nguzo, akakitundika, nami nikamfuata. Rangi ilikuwa kavu, akaipitishia kiganja. Tukasimama pale tukitazama kinavyopanda. Hakuna aliyemtazama mwenzake. Baada ya dakika kumi kilisimama.

"Huku kimezidi kwa nyuzi nne na nusu," akasema.

Mchana uleule ofisa wa kazi alifika na daftari lake, akawakusanya wafanyakazi, akauliza nani mwenye jukumu la kengele. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni naandika majina ya waliohudhuria. Kaka yangu akajibu, "Kengele ni kazi yangu, na sikuigonga." Ofisa akauliza ni kweli alionekana amekaa na uso umefunikwa. Akajibu ni kweli. Mimi niliendelea kuandika majina.

Nilimfuata baadaye, nikamwuliza kwa nini. Alikuwa amekasirika, na sitaficha hilo, kwa siku nyingi aliongea nami kwa maneno mawili mawili. Lakini alinijibu: "Mama anakula kwa mkono wako. Ukitoka hapa nani atakuchukua? Halafu kuna jambo lingine. Mimi nilikuwa na ngozi yangu. Nilihisi joto, nikaiacha ngozi nikaamini namba." Kwa hiyo yeye mwenyewe aliona ana sehemu yake. Mimi sikubaliani naye, na kwa kuwa leo hawezi kunikatiza, naliweka wazi: alichokosea ni kumwamini dada yake, na hilo ndugu yeyote angelikosea.

Kwa nini sikusema miaka yote hii? Mwaka wa kwanza niliogopea kazi yangu. Mwaka wa pili niliogopa watu. Mwaka 2009 mama alifariki, nami sikuwa tena na kisingizio cha mama. Baada ya hapo nilizoea tu, na hilo la kuzoea ndilo linaloniumiza kuliko yote. Nilisikia kijana wake wa pili akiitwa shuleni "mtoto wa Usingizi", nikamwona akirudi na shati limechanika kwa kupigana, nikamshonea shati. Mwanangu, uko hapo mbele. Baba yako hukumpigania bure.

Miezi mitatu Kengele aliondolewa usimamizi. Msimu wa joto uliofuata Bosi alimrudishia nyundo, kwa sababu hakuna mwingine aliyeitaka. Hapo akabadilisha mambo mengi, na wafanyakazi wengi mlioko hapa ndiyo mnayoyakumbuka. Mapipa ya maji yaliongezwa yakawa hatua kumi kutoka kwa kila mtu, na maji yalinywewa kabla ya kiu. Mfanyakazi mpya alifanya nusu siku wiki ya kwanza, hata awe na kifua kama mlango. Kazi ya tanuri ilianza alfajiri na kuachwa saa tano. Watu walifanya kazi wawili wawili, kila mmoja akimtazama mwenzake. Na kipimajoto hakukiamini tena peke yake. Kila nusu saa alipita akimwuliza kila mtu swali moja: "Asubuhi umekula nini?" Ukijibu haraka, uliachwa. Ukisitasita, ulipelekwa kivulini. Siku moja alimwuliza mpanga vigae mmoja, mtu mzima na heshima zake, naye akajibu kwa utulivu kabisa, "Mama mkwe." Kengele akamshika mkono akampeleka kivulini, akammwagia maji shingoni. Alipozinduka akakana katakata. Mpaka leo watu wakikutana naye wanamwuliza kama ameshiba.

Habari zikaenea. Mwenye kiwanda cha mikate alimwita, mwenye dobi la mashine akamwita, wajenzi wa barabara wakamwita, wakulima wa mashamba makubwa wakamwita. Kila mwaka kabla ya joto alizunguka kwa baiskeli akiwa na kipimajoto mfukoni, akiwafundisha waajiri na watu wao. Nilikuwa nikimwandikia ratiba, na mara nyingi nilikwenda naye. Kila mahali alianza hivi: "Mimi naitwa Kengele. Mwaka 2006 sikugonga kengele, na rafiki yangu akapoteza vidole vinne." Kisha alifundisha. Na kila mahali alikuwa na sentensi moja ambayo hakuiacha hata siku moja: "Kipimajoto kikae pale anapofanyia kazi mtu, si pale anapokaa karani." Watu walicheka. Mimi pia nilicheka, nikiwa nimekaa mstari wa mbele na ratiba mapajani. Yeye hakuwahi kunitazama alipoisema.

Tangu siku ile ya 2006 hadi alipostaafu tarehe 29 Machi 2019, hakuna mfanyakazi hata mmoja wa kiwanda chetu aliyepelekwa hospitali kwa kuzidiwa na joto. Hata mmoja. Vitabu vilikuwa vyangu, ninyi niaminini kwa hili.

Mashoto hakumsalimu tena. Na nyumba yake ni ya nane tu kutoka ya Kengele.

Kengele alianza kuumwa figo mwishoni mwa mwaka 2022. Daktari wa hospitali ya wilaya alimwuliza amefanya kazi kwenye joto kwa miaka mingapi. Akajibu thelathini na tisa, na daktari akaandika. Alihudhuria kliniki mara mbili kwa wiki, akawa anawauliza wauguzi wamekula nini asubuhi. Wifi yangu alimwuguza bila kuchoka, au alichoka na hakutuonyesha. Mwezi Aprili mwaka huu, nikiwa nimekaa naye mchana, nilimwambia nataka kusema ukweli mbele ya watu.

"Baada ya miaka yote hii?"

"Ndiyo."

"Basi ngoja niondoke kwanza. Sina nguvu ya kupokea watu wanaokuja kuniomba radhi, watanichosha. Na Mashoto umwambie yeye kabla ya wote. Tena uende kwake kwa miguu yako, si kwa kipaza sauti."

Hali yake ilibadilika Ijumaa, tarehe 9 Mei. Alifariki Jumapili, tarehe 11 Mei 2025, saa moja na robo asubuhi, katika wodi ya wanaume, kitanda cha karibu na dirisha, mkewe akiwa amemshika mkono. Alikuwa na umri wa miaka sitini na sita.

Jumatano mchana nilimweleza wifi jikoni kwake. Alikuwa anakausha vikombe. Alikausha kimoja mpaka nikadhani kitavunjika. Kisha akaniambia, "Miaka kumi na tisa nimekuwa nikimtetea mume wangu kwa kitu ambacho wewe ungekimaliza kwa neno moja. Soma. Soma chote. Ila usilie, maana ukilia watakuonea huruma wewe." Ndiyo sababu mnaniona nimekaza uso. Bosi nilimwambia kwa simu. Akasema, "Kumbe." Nikasikia anaweka simu chini taratibu.

Alhamisi saa nne asubuhi nilikwenda kwa Mashoto, na wasifu huu nimeuandika kwa mkono. Alikuwa uani anatengeneza tairi la baiskeli. Aliupokea kwa mkono wa kulia, akausoma amesimama, polepole, akirudia mistari. Aliposoma ile sehemu ya Jumanne aliikunja karatasi, akaketi juu ya ndoo. Nikamwambia, "Shemeji, nimekuja kukuomba msamaha." Sisi kwetu tulikuwa tukimwita shemeji tangu ile harusi.

Aliniambia hivi, na nimeyaandika kama alivyoyasema:

"Unajua kwamba alikuwa akija hapa? Kila tarehe saba Februari. Anabisha hodi, anasimama. Mimi nipo ndani namsikia anavyopumua, simfungulii. Anakaa kama dakika kumi, anaondoka. Mwaka huu alikuja ameshikiliwa na mwanawe. Nilichungulia dirishani. Sikumfungulia."

Mimi sikujua. Hakuna nyumbani aliyejua, isipokuwa huyo kijana mmoja, naye alikatazwa kusema.

"Ungekuja wewe mara moja tu," Mashoto akasema, "mimi ningemfungulia."

Akaingia ndani na karatasi yangu, akafunga mlango. Naandika haya Alhamisi jioni, kesho yanakwenda kuchapwa, na sijui kama Jumamosi atakuja. Asipokuja, asilaumiwe na mtu.

Kengele ameacha mke mmoja, watoto watatu, wajukuu wanne, na wadogo zake wanne, mimi nikiwa wa mwisho. Mwanawe wa kwanza ni mwalimu, wa pili ni fundi umeme, na wa tatu ni mwuguzi. Ameacha wafanyakazi wa kiwanda cha vigae, waliostaafu na walioko kazini, na watu wa viwanda na mashamba aliowafundisha, ambao tumeambiwa watakuja wengi kuliko viti. Ameacha pia rafiki, Mashoto, aliyekosana naye kwa miaka kumi na tisa kwa kosa la mtu mwingine. Mtu huyo ni mimi. Nikimaliza kusoma nitakaa hapa mbele mpaka wa mwisho aondoke, na mwenye neno la kuniambia aje aniambie.

Kwa kaka yangu nina neno moja tu, lile nililotakiwa kumwambia ofisa wa kazi tarehe 8 Februari 2006, nikalimeza nikaendelea kuandika majina ya watu. Leo ndiyo amelala, na Mungu amlaze kwa amani. Siku ile alikuwa macho.